Bosi akikujibu "Sawa, nimeona", hapo ameamua nini?

#1 Futi Arobaini (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wale wa "fupisha mkuu" nawaomba radhi mapema. Uzi ni mrefu kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni mwezi wa pili sasa.

Nipo kwenye uwakala wa forodha, ofisi iko Kurasini, huu mwaka wa sita. Kazi yangu ni kukimbizana na mizigo: nyaraka zikamilike, kodi ilipwe, kontena litoke getini. Ambaye hajawahi kuifanya anadhani adui yetu ni TRA (mamlaka ya mapato) au foleni ya malori. Adui ni kalenda. Kontena likishushwa unapewa siku za bure. Zikiisha, bandari inaanza kukuhesabia stoo, laini ya meli nayo inakuhesabia dimareji (tozo ya kuchelewesha kontena lao), kila mmoja na mita yake, na mita hizo hazijui Jumapili wala Iddi.

Sasa tulikuwa na makontena 6 ya vigae ya mteja mmoja. TRA wakaikataa thamani ya kwenye ankara, wakakadiria ya kwao, kodi ikapanda kwa shilingi milioni 11. Njia zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, tulipe hiyo nyongeza, mzigo utoke, kesi ya thamani tuifuatilie vigae vikiwa ghalani kwa mteja. Ya pili, tubishane kwanza na mzigo ukae bandarini. Mimi nilikuwa na uhakika kabisa kwamba ya kwanza ndiyo sahihi. Nikamwandikia Mkurugenzi imeili. Naiweka hapa bila kuficha kitu isipokuwa majina:

"Habari Mkurugenzi. Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu. Rejea mazungumzo yetu ya wiki iliyopita kuhusu mzigo wa vigae. Kama unavyofahamu, meli ilifunga gati tarehe 6 na ushushaji ukakamilika tarehe 8. Nyaraka ziliwasilishwa mapema na…" (hapa kuna aya nne za historia, nani alimpigia nani, lini, akasema nini) "…Kwa kuzingatia hayo yote, ingekuwa vyema kama suala la kulipa kwa makadirio lingeangaliwa, ingawa pia upo uwezekano wa kuendelea na majadiliano. Naomba mwongozo wako."

Saa mbili usiku likaja jibu kutoka kwenye simu yake: "Sawa, nimeona."

Mimi nikaelewa amekubali tulipe. Mhasibu akaelewa amesoma tu, hela hatoi mpaka apate neno la bosi. Mkuu wa operesheni akaelewa tusubiri mwongozo. Bosi kesho yake akapanda ndege kwenda Mwanza, simu hapokei. Zikapita siku 11 baada ya siku za bure kuisha. Stoo na dimareji zikazidi milioni 17.

Aliporudi nikaingia ofisini kwake nimejiandaa kumwambia "bosi ulisema sawa, mhasibu ndiye aliyegoma". Akaniangalia. Akasema: "Ndiyo nilisema sawa. Si uliandika upo uwezekano wa kuendelea na majadiliano? Nikajua mnaendelea."

Wakuu, niliishiwa maneno. Nikafungua imeili pale pale mbele yake, nikasoma. Kweli nimeandika. Kwa mkono wangu. Yeye alikubali kabisa, ila alikubali ile njia nyingine.

Nikapewa barua ya onyo. Sijaja kulalamikia barua. Nauliza: mnaandikaje mapendekezo kazini ili "sawa" ya mkubwa iwe na sehemu moja tu ya kutua?

#2 Kishtobe wa Sinza

Nimetandika mkeka, karanga ziko njiani.

#3 Mama Masjala

Mwanangu pole. Nimestaafu utumishi wa umma, miaka mingi nimekaa masjala, mafaili yamepita mikononi mwangu mpaka vidole vikaota sugu. Nikueleze ulipokosea, na usinichukie.

Umeandika barua ya kusimulia, halafu ombi ukalifichia mkiani. Serikalini tulikuwa na dokezo sabili. Vijana wanalicheka, wanaona ni urasimu, lakini lina akili yake. Unaeleza hoja, unaeleza chanzo, halafu panakuja sehemu ya ushauri ambayo hukwepi: "Nashauri uridhie malipo ya kiasi fulani kwa sababu hii na hii." Ndipo unamalizia "Naomba kuwasilisha." Mkubwa naye anabaki na maneno machache ya kuandika: Nimeridhia, Sijaridhia, au Tujadili. Neno likishaandikwa kwenye faili na folio ina namba, hakuna wa kuja kudai aliota.

Lakini nisijifanye kwamba kwetu kulikuwa peponi. Ugonjwa wetu ulikuwa kwenye mihtasari ya vikao. Nenda kafungue wowote, utakuta: "Wajumbe walikubaliana suala hilo lifanyiwe kazi." Lifanyiwe na nani? Safu ya mhusika imeandikwa "Wote". Kikao kijacho, ajenda ya yatokanayo: "Suala linaendelea kufanyiwa kazi." Kijacho tena: "Utekelezaji unaendelea." Nimewahi kuchapa "linaendelea kufanyiwa kazi" ya paa moja linalovuja mpaka aliyeanzisha hoja akahamishwa, akaja mwingine, naye akahamishwa. Paa linavuja.

Bosi wangu mmoja, Mungu amrehemu, ukimpelekea dokezo la kuzunguka kama lako alikuwa anakurudishia faili limeandikwa neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo?" Nililia chooni mara ya kwanza. Mara ya tatu nikaanza kuandika dokezo kwa kuanza na jibu la hiyo "kwa hiyo".

#4 Mswahili wa Tandika

Mama shikamoo, ila naona mnamwonea huyu kijana. Bosi alielewa vizuri sana. "Sawa, nimeona" ni ngao. Mambo yakinyooka, alisema sawa. Yakiharibika, aliona tu, hakukubali. Nimefanya kazi chini ya watu wa namna hiyo, hata ukimwandikia kwa herufi za ukutani atakujibu "sawa". Tatizo hapa si uandishi, ni mtu asiyetaka kuamua.

#5 Futi Arobaini

@Mswahili wa Tandika ningekubaliana nawe kama asingenionyesha ule mstari. Mkuu, niliandika njia mbili kwenye sentensi moja na nikazifunga na "ingawa". Hata mimi ningekuwa yeye, nasoma simu usiku nimechoka, ningechukua ile iliyo karibu na nukta.

#6 Upepo wa Kipawa

Nipo kwenye mambo ya usafiri wa anga. Neno "sawa" kwetu lina kaburi lake.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife kule Visiwa vya Kanari. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani, ndege zikaelekezwa hapo, uwanja mdogo ukafurika. Ukungu umeshuka. Jumbo (ndege kubwa) ya KLM ya Uholanzi iko mwisho wa njia ya kurukia imeshageuka, jumbo ya Pan Am ya Marekani bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo ikitafuta pa kuchepukia. Rubani msaidizi wa KLM akasema redioni kitu kama "sasa tupo kwenye kuruka". Tupo tayari kuruka, au tunaruka? Sentensi inabeba yote mawili. Mwongoza ndege akajibu "OK", halafu akaongeza wasubiri mpaka awaite. Sekunde hiyo hiyo Pan Am nao wakawa wanasema bado wapo njiani. Sauti mbili zikagongana redioni, ukasikika mluzi. Kilichofika vizuri kwa KLM ni ile "OK". Watu 583 wakafa.

Na kuna kipande watu hawakisimulii sana. Ndani ya KLM, mhandisi wa ndege aliingiwa na wasiwasi. Hakusema "simamisha". Aliuliza: kwani yule Pan American hajatoka? Kapteni, ambaye alikuwa mkubwa kwelikweli pale kampuni, akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi akanyamaza.

Mleta uzi, "ingekuwa vyema kama lingeangaliwa" ni mdogo wake na swali la yule mhandisi. Ulijua, ukauliza. Baada ya ajali ile taratibu za mawasiliano zikabadilishwa: neno la "kuruka" likabaki kwa ajili ya kutoa au kufuta ruhusa yenyewe tu, pengine pote wanasema "kuondoka". Na ukipewa maelekezo ya ruhusa huitikii "sawa", unayarudia kama ulivyoyasikia, ili aliyekupa asikie ulichoelewa.

#7 Kishtobe wa Sinza

Karanga zimenikwama kooni.

#8 Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi. Hilo la #6 nalijua kwa mwili wangu.

Zamani nikimpigia daktari saa nane usiku nilikuwa nasema: "Dokta samahani kukuamsha, yule mama wa kitanda cha 7 haniridhishi." Daktari anajibu, "Sawa, endelea kumwangalia." Halafu? Namwangalia nini?

Tulifundishwa utaratibu ulioanzia kwenye manowari za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, ukaja kuingizwa hospitalini. Mambo manne kwa mfuatano: hali ilivyo sasa, historia yake kwa ufupi, mimi naona tatizo ni nini, na ninaomba nini. Siku hizi napiga hivi: "Dokta, mama wa kitanda cha 7 anatoka damu nyingi. Amejifungua saa mbili zilizopita, mtoto wa nne. Presha 85 kwa 50, mapigo 128, kitambaa cha tatu kimelowa. Naona ni damu ya baada ya kujifungua. Naomba uje sasa hivi, na nikuulize, niagize damu chupa mbili wakati unakuja?" Inachukua nusu dakika. Hapo hawezi kusema "sawa" akarudi kulala. Lazima aseme nakuja au siji, agiza au usiagize.

Iliyokuwa ngumu kwangu ni ile ya mwisho. Kusema "naona tatizo ni hili, naomba hiki" mbele ya mtu aliyekuzidi elimu, unajiona umevuka mpaka. Tumelelewa hivyo, mkubwa ndiye anayesema cha kufanya, wewe unaleta taarifa. Ila taarifa bila ombi inamwachia yeye kazi mbili, na mmoja wenu ana usingizi.

#9 Fundi Maneno

Ngoja tuache nadharia, tushike ile imeili. Naijaribu, mniparue.

"KICHWA: Naomba uamuzi leo Jumanne saa 10 jioni: tulipe milioni 11, makontena 6 ya vigae yatoke

Mkurugenzi, shikamoo.

Naomba idhini tulipe leo shilingi milioni 11 za nyongeza kwa makadirio ya TRA, makontena yatoke kabla siku za bure hazijaisha Ijumaa tarehe 13. Thamani tutaendelea kuipinga mzigo ukiwa umeshatoka.

Tusipolipa, kuanzia Jumamosi kila siku itatugharimu takriban milioni 1.5 za stoo na dimareji.

Ubaya wa njia hii: fedha zitakaa TRA mpaka pingamizi liamuliwe, na tunaweza kushindwa.

Ukikubali nijibu LIPA, mhasibu nimemnakili hapa. Ukitaka tubishane kwanza nijibu SUBIRI, nami nitamweleza mteja gharama. Nisipopata jibu mpaka saa 10 jioni nitaendelea na malipo.

Historia yote iko chini ukiihitaji."

Zile aya nne sijazifuta. Nimezishusha ghorofa ya chini, atakayezitaka atazifuata.

#10 Mswahili wa Tandika

Hiyo "nisipopata jibu nitaendelea na malipo" mwandikie mkubwa wa Kitanzania uone. Milioni 11 zake! Siku hiyo hiyo unafungasha na kikombe chako cha chai.

#11 Mama Masjala

Hapo Tandika kasema kweli. Kwa fedha usiseme utaendelea. Sema "nisipopata jibu nitakupigia", na simu isipopokelewa mpigie anayekaimu. Vitu vidogo ndiyo unaweza kuandika "nitaendelea": kubadili muda wa kikao, kuagiza karatasi. Kwa vitu vidogo kimya ni ridhaa. Kwa vikubwa kimya ni kimya tu.

Na nimependa alivyoweka ubaya wa njia yake mwenyewe. Wengi mnaficha. Mkubwa akigundua baadaye kwamba kulikuwa na hatari na hukumwambia, dokezo lako lijalo atalisoma kwa miwani miwili.

Hiyo shikamoo kwenye imeili mnaweza kubishania wenyewe. Mimi inanipendeza. "Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu" ndiyo ife.

#12 Chumvi ya Msasani

Naongezea la saa, maana limeniumiza. Mimi nilikuwa kwenye mradi, meneja ni Mzungu. Imeili tunaandika Kiingereza lakini kichwa changu kinahesabu saa kwa Kiswahili. Nikaandika nyaraka zitakuwa tayari kusainiwa kesho saa "4", basi, namba peke yake. Nilimaanisha saa nne asubuhi. Yeye akasoma saa kumi jioni. Zabuni ilikuwa inafungwa saa nane mchana. Mimi nimekaa mapokezi na bahasha tangu asubuhi, yeye yupo Bagamoyo anakula samaki.

Siku hizi naandika "saa 4 asubuhi (10:00)". Na "Ijumaa ijayo" sitaki hata kuisikia. Weka tarehe.

#13 Fundi Maneno

@Chumvi ya Msasani 😂 samaki!

Na lugha ina mtego mwingine, ile "tu-". "Tutaangalia." "Tutalifanyia kazi." "Tutarudi kwako." Nani? "Tu" ya kikao ni mtu asiye na kiti wala namba ya simu. Mimi kwenye kikao mtu akisema "tutafuatilia" namuuliza kwa upole kabisa, "Kaka, hapo niandike jina lako?" Mara nyingi anasema, "Aah hapana, andika la fulani." Basi tumeshajua.

Nyingine ni Kiingereza cha ripoti. Tunaandika ripoti Kiingereza cha kuazima, mapendekezo yote yamevaa suti, halafu kikao kinaendeshwa Kiswahili. Mwenyekiti anauliza, "Sasa mnasemaje?" na hakuna anayejua, hata aliyeandika. Kipimo changu: pendekezo nikishindwa kulisema kwa Kiswahili kwa dereva wa ofisi akalielewa, basi sijui ninachopendekeza.

#14 Kanzu ya Mtaani

Mimi ni mwanasheria, siuzi huduma hapa. Mnachekea "sawa" lakini kuna watu wanajibu kwa kidole gumba 👍 wakidhani hawajasema kitu. Kanada, jimbo la Saskatchewan, kesi iliyohukumiwa mwaka 2023: mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani kwa simu, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu 👍. Mbegu hakuleta, bei ikawa imepanda. Mahakamani akasema kidole kilimaanisha "nimepokea, nitasoma". Jaji akasema hapana, umekubali. Akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Ilichangia kwamba huko nyuma walikuwa wakikubaliana mikataba yao kwa majibu mafupi ya namna hiyo hiyo.

Hiyo ni Kanada, haimfungi jaji wa hapa. Lakini msidhani ujumbe wa simu kwetu ni hewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mawasiliano ya kielektroniki, mkataba hauwi batili kwa sababu tu umefungwa kwa njia hiyo, na ujumbe unaweza kupokelewa kama ushahidi. Kwa hiyo zile sauti mnazorekodiana Whatsapp za dakika nne, katikati kuna uamuzi wa milioni 30 na mwishoni anauliza chakula cha mchana, siku moja mtazisikiliza upya mkiwa mmekaa kwenye benchi.

#15 Mswahili wa Tandika

Haya nimekubali nusu. Lakini nijibuni: mkubwa akiamua kwa mdomo, kwenye korido, na hataki kuandika? Ukimwandikia "kama tulivyokubaliana leo" anaona unamtegea.

#16 Upepo wa Kipawa

Inategemea unavyoiweka. "Kama tulivyokubaliana" inamfunga. Andika: "Mkurugenzi, nimekuelewa hivi: tunalipa leo, mhasibu ndiye anayelipa, mimi namjulisha mteja. Kama nimekosea nisahihishe, naanza saa 8 mchana." Kosa unajibebesha wewe, si yeye. Ndiyo kule kurudia maelekezo nilikosema. Hakuna rubani anayeona mnara unamtegea.

#17 Mswahili wa Tandika

Rubani hana mke wa bosi kwenye bodi. Ila nimekusoma.

#18 Doti ya Kitenge

Nyie wa maofisini mna raha, mna imeili. Mimi nauza duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, la mama mmoja wa makamo, mkali lakini mwenye haki. Wateja wa mkopo walikuwa wamemzidi. Nikawa namwambia kila wiki, "Mama, madeni yamekuwa mengi kidogo." Anajibu, "Ndiyo mwanangu, biashara ndivyo ilivyo." Mwaka mzima tunaimbiana wimbo huo.

Siku moja nikachana kifuniko cha boksi, nikaandika kwa makapeni majina matatu na deni la kila mmoja, chini nikapiga jumla. Wa kwanza milioni 2 na laki 4, wa pili milioni 1 na laki 9, wa tatu laki 8. Nikasubiri amalize kuswali adhuhuri, nikamwekea juu ya kaunta. Nikasema: "Mama, hawa watatu naomba wasichukue tena hata doti moja mpaka walipe nusu. Wakija nikawakatalia, utanisimamia?"

Hakunijibu hapo hapo. Alikishika kile kifuniko muda mrefu, akakigeuza nyuma kama anatafuta mengine. Halafu akaomba makapeni. Akamkata wa tatu. "Huyu ni shemeji yangu, niachie mimi." Akanirudishia. "Hao wawili kataa. Wakileta maneno waambie mama kasema."

Kile kifuniko bado nimekipigilia nyuma ya kaunta. Mmoja ameshalipa.

#19 Zamu ya Usiku

Dada, hiyo "utanisimamia?" ndiyo imemaliza kazi. Mimi ningeishia kwenye majina.

#20 Futi Arobaini (mleta uzi)

Wakuu narudi, wiki tatu zimepita. Kazi zilinibana, meli tatu zimefunga gati kwa mpigo.

Jana limetokea kama lile lile, mteja mwingine, makontena 2 ya mashine za kushonea, thamani imekataliwa tena. Nikatumia muundo wa Fundi Maneno na marekebisho ya Mama Masjala. Kichwa cha habari kina tarehe, saa na kiasi. Ombi mstari wa kwanza. Ubaya wake nimeuweka. LIPA au SUBIRI. Mkono ulikuwa unatetemeka kubonyeza, nilihisi namwamrisha mtu mzima.

Dakika nne hazijaisha, jibu: "SUBIRI. Huyu mteja bado tunamdai ya mwaka jana, simwekei hela yangu. Mwambie alete nyongeza yeye."

Yaani amenikatalia. Na alikuwa na sababu ambayo mimi sikuijua, mambo ya madai yao ya zamani. Mhasibu hakuniuliza kitu. Mteja nikampigia saa hiyo hiyo, akalalamika weee, leo asubuhi ameleta hela.

#21 Kishtobe wa Sinza

Hongera mkuu. Sasa na ile barua ya onyo, si uombe aifute?

#22 Futi Arobaini (mleta uzi)

Niliomba juzi, kabla ya haya. Kwa mdomo, tulipokutana kwenye ngazi.

Akasema, "Sawa, nimekusikia."